Kutoka Nia hadi Orodha: Historia ya Insha ya Dhamira katika Ufundishaji wa Fasihi ya Kiswahili nchini Tanzania na Kenya

Ikisiri

Swali linalomtaka mwanafunzi aeleze dhamira za kazi ya fasihi ni miongoni mwa maswali yaliyozoeleka sana katika shule za sekondari za Afrika Mashariki. Kwa kuwa limezoeleka, ni nadra kuulizwa limetoka wapi. Makala hii inafuatilia historia ya insha ya dhamira kuanzia mapokeo ya utenzi, kupitia uhakiki uliochipuka katika vyuo vikuu mwishoni mwa miaka ya 1960, hadi mitihani ya kitaifa ya Tanzania na Kenya. Hoja kuu ni kwamba insha ya orodha, ambayo walimu wengi huilaumu, haikuzaliwa na uvivu wa wanafunzi. Ni zao la kukutana kwa mambo matatu: mapokeo ya utunzi ambamo mtunzi alitangaza nia yake mwenyewe, uhakiki wa baada ya Azimio la Arusha uliotanguliza maudhui, na mfumo wa mitihani uliohitaji kipimo kimoja kwa watahiniwa wengi. Makala inahitimisha kwa kuonesha kwamba maana ya awali ya neno dhamira, yaani jambo lililofichika moyoni, inaweza kumsaidia mwalimu wa leo kuirudisha insha hiyo katika kazi yake ya kujenga hoja.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa kidato cha nne anayejiandaa kwa mtihani wa Kiswahili hujifunza mapema umbo la insha atakayotakiwa kuiandika. Huanza na utangulizi unaofafanua istilahi iliyomo katika swali na kuwataja waandishi na vitabu vyao. Kisha hufuata kiini chenye hoja, aghalabu tatu kwa kila kitabu, na kila hoja hupewa aya yake. Mwisho huja hitimisho, ambalo mara nyingi husema kwamba dhamira zilizojadiliwa zinasawiri hali halisi ya jamii. Umbo hili halibadiliki hata vitabu vinapobadilika. Aliyejifunza kuliandika kwa riwaya mbili anaweza kulihamishia katika tamthiliya mbili bila kubadilisha zaidi ya majina ya wahusika.

Malalamiko kuhusu insha za namna hii husikika katika vyumba vya walimu na katika semina za vyuo vikuu. Husemwa kwamba wanafunzi hawasomi vitabu bali miongozo. Kwamba hutaja dhamira bila kuzithibitisha. Kwamba mtu hawezi kutofautisha insha ya mwanafunzi mmoja na ya mwingine. Malalamiko hayo yana ukweli. Hata hivyo, yanamtwika mwanafunzi mzigo ambao si wake peke yake. Umbo la insha hulitangulia kizazi cha wanafunzi wanaoliandika. Lina waasisi, lina sababu, na lina nyakati ambamo lilikuwa jibu la busara kwa tatizo halisi. Kulifahamu kihistoria ni hatua ya kwanza ya kuamua kipi katika umbo hilo kihifadhiwe na kipi kiachwe.

2.0 Istilahi na Asili Zake

Istilahi nne zinazobeba mjadala huu, yaani insha, dhamira, maudhui na fani, zote zimeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na kila moja imekuja na kumbukumbu ya maana yake ya awali. Insha inatokana na neno lenye maana ya kuanzisha au kuunda. Fani ni sanaa au ustadi. Maudhui yanatokana na mzizi wenye maana ya kuweka. Kwa asili yake, neno hilo lataja kitu kilichowekwa mbele ya watu ili kizungumzwe. Dhamira inatokana na neno lenye kutaja kilichofichika ndani ya nafsi. Ndiyo sababu Kiswahili kina pia neno dhamiri, yaani sauti ya ndani inayomhukumu mtu kwa matendo yake, na ndiyo sababu katika mazungumzo ya kawaida mtu husema amedhamiria kufanya jambo akimaanisha kwamba amelitia nia.

Kwa hiyo, maudhui na dhamira hayakuwa maneno ya jozi moja tangu mwanzo. Maudhui yalielekea kwenye kilicho wazi na dhamira ilielekea kwenye kilichofichika. Uhakiki wa Kiswahili ulipoyachukua na kuyafanya istilahi, uliyaweka pamoja, na hapo njia mbili zikajitokeza.

Nchini Tanzania, maudhui yamekuwa jina la jumla la yote yanayosemwa na kazi ya fasihi. Ndani yake huwekwa dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, mtazamo na msimamo wa mwandishi. Katika mpangilio huu dhamira ni wazo linalojitokeza katika kazi, na hugawanywa kuwa dhamira kuu na dhamira ndogondogo. Nchini Kenya, vitabu vingi vya kiada na miongozo hutumia neno maudhui kutaja masuala yenyewe, kama vile maudhui ya ufisadi au maudhui ya elimu, ilhali dhamira hubakizwa kwa lengo la mwandishi: kile alichokusudia kukifanikisha kwa kuandika. Riwaya ya Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, iliyowahi kutahiniwa nchini Kenya, inaweza kuonesha tofauti hiyo. Kuvunjika kwa familia ya Bwana Maksuudi kutaitwa maudhui na msomaji wa Nairobi na kutaitwa dhamira na msomaji wa Dar es Salaam, na wote wawili watakuwa sahihi kwa mujibu wa mapokeo ya darasa walilosomea.

Tofauti hii ni zaidi ya suala la msamiati. Inaonesha kwamba uhakiki wa Kiswahili haujaamua kama dhamira inakaa kwa mwandishi au inakaa katika maandishi. Swali hilo ndilo lililo chini ya kila insha ya dhamira, ingawa mwanafunzi haambiwi kwamba lipo.

3.0 Mtunzi Anapotangaza Nia Yake

Katika mapokeo ya utenzi wa pwani, msomaji hakuhitaji kuisaka nia ya mtunzi. Utenzi ulikuwa na dibaji, na katika dibaji mtunzi alimtaja Mwenyezi Mungu, akaomba vifaa vya kuandikia, kisha akaeleza kilichomsukuma kutunga. Mwishoni aliweza kutaja jina lake, na pengine tarehe ya kumaliza kazi. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni mfano unaofahamika. Mama aliye mgonjwa anamwita binti yake, anamwambia aketi na wino na karatasi, na anamweleza kwamba anachompa ni wasia. Msomaji au msikilizaji anajua tangu beti za mwanzo ni nani anayesema, anasema na nani na kwa sababu gani. Kuuliza dhamira ya utenzi huo kungekuwa kuuliza jambo ambalo mtunzi amekwisha kulijibu.

Kilichobaki kwa msikilizaji mwerevu kilikuwa kuipima kazi kwa ustadi wake. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotolewa mwaka 1954, kilishughulika zaidi na vina, mizani na kanuni nyingine za utunzi. Kwa washairi wa mapokeo, ubora wa mafunzo ulichukuliwa kuwa sharti lililo wazi, na kilichohitaji kufundishwa ni namna ya kuyatia mafunzo hayo katika umbo. Kwa maneno mengine, ukosoaji wa Kiswahili kabla ya uhuru ulianzia kwenye fani. Picha hii ni kinyume cha darasa la leo, ambamo fani mara nyingi hujadiliwa baada ya dhamira, kama nyongeza.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, anasimama katika mpaka wa nyakati hizi mbili. Kusadikika (1951) ni masimulizi ya nathari yanayomlazimu msomaji avuke kutoka nchi ya kubuni hadi nchi anayoishi. Mwandishi hamwambii msomaji kwamba nchi ile iliyo angani, yenye kuwahukumu wajumbe wake, inahusu utawala wa kikoloni. Hata hivyo, sauti ya mwenye kufundisha ingali inasikika katika kila sura, na majina ya wahusika yenyewe hutamka sifa zao. Kwa msomaji wa Kusadikika, dhamira imeanza kuhitaji kutafutwa, lakini bado mwandishi anamshika mkono anayetafuta. Urithi huu wa mtunzi anayefundisha ndio uliokabidhiwa kwa darasa la fasihi baada ya uhuru.

4.0 Darasa la Fasihi baada ya 1967

Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi Februari 1967, na mwezi uliofuata ikatolewa sera ya Elimu ya Kujitegemea. Katika mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Mwishoni mwa muongo huo Farouk Topan alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, na mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipokuwa chuo kamili, Idara ya Kiswahili ilianzishwa. Mkusanyo wa Topan, Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, ulichapishwa mwaka 1971, na jarida la Mulika lilianza kutolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka huohuo. Hisi Zetu ya T. S. Y. Sengo na S. D. Kiango ikafuata mwaka 1973.

Kazi hizi zilikabiliwa na tatizo la vitendo. Kabla ya hapo uhakiki wa kitaaluma ulifanywa kwa Kiingereza, hata pale uliposhughulikia maandishi ya Kiswahili. Kuhakiki kwa Kiswahili kulihitaji istilahi, na istilahi zilihitaji mpangilio ambao mwalimu wa sekondari angeweza kuuchukua na kuufundisha. Mgawanyo wa fani na maudhui ulijibu haja hiyo. Ulikuwa rahisi kueleweka, uliweza kutumika kwa utanzu wowote, na ulikubaliana na mwelekeo wa wakati, uliotaka fasihi ihusishwe na maisha ya wengi.

Mwelekeo huo haukuwa wa Dar es Salaam pekee. Mwezi Oktoba 1968, mjini Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza iondolewe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Katika vyuo vyote viwili, swali kuhusu kitabu lilikuwa pia swali kuhusu jamii: kitabu kinasema nini, kinamsemea nani, na kinamnufaisha nani. Uhakiki wenye msingi wa uyakinifu wa kijamii ulipata nguvu, na swali la maudhui likapata hadhi ambayo swali la vina na mizani halikuwa nayo tena.

Ni muhimu kusisitiza kwamba wahakiki wa kipindi hiki hawakufundisha kwamba maudhui yanaweza kutenganishwa na fani. F. E. M. K. Senkoro, katika kitabu chake Fasihi cha mwaka 1982, ambacho kilikuwa msingi wa mafunzo ya walimu wengi, aliitazama fani na maudhui kama pande mbili zinazotegemeana. Tasnifu ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1976 kuhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya iliuliza pia maswali ya ufundi wa usimulizi. Utengano wa fani na maudhui ulitokea baadaye, pale mgawanyo uliokusudiwa kurahisisha maelezo ulipogeuzwa kuwa vichwa vya habari katika daftari la mwanafunzi: ukurasa mmoja wa fani, mwingine wa maudhui.

Kipindi hiki kinaonesha pia uzito wa kuhukumu kitabu kwa maudhui yake peke yake. Rosa Mistika (1971), riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa sababu ya namna ilivyoeleza mahusiano ya kimapenzi. Baadaye kitabu hichohicho kilikubaliwa kusomwa na wanafunzi. Maneno yake hayakuwa yamebadilika. Kilichobadilika ni jibu la swali kuhusu kile ambacho kitabu kinakusudia. Waliokikataa waliona kilichowekwa wazi, yaani matendo ya Rosa. Waliokikubali walisoma matendo hayo pamoja na malezi ya Zakaria, baba aliyemfungia binti yake mlango wa kuijua dunia hadi dunia ilipomkuta hajui kujilinda. Tofauti kati ya hukumu hizo mbili ni tofauti kati ya kutaja maudhui na kuisoma dhamira.

5.0 Mtihani na Hoja Inayohesabika

Wakati uhakiki ukijengwa vyuoni, mitihani nayo ilikuwa ikibadilisha wenyewe. Shule za sekondari za Afrika Mashariki zilikuwa zimefanya mitihani ya Cambridge tangu enzi ya ukoloni. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971 na Baraza la Mitihani la Tanzania likaanzishwa kwa sheria mwaka 1973. Kenya iliunda baraza lake mwaka 1980. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Tanzania, iliyokuja kuitwa Taasisi ya Elimu Tanzania, iliundwa mwaka 1975. Nchini Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulilifanya somo la Kiswahili kuwa la lazima, na mtihani wa kwanza wa kidato cha nne chini ya mfumo huo ulifanyika mwaka 1989.

Mabadiliko haya yalikuwa ushindi mkubwa kwa fasihi ya Kiswahili. Vitabu vilivyokuwa na wasomaji wachache vilipata darasa la nchi nzima. Lakini ushindi huo ulileta sharti jipya. Insha inayosomwa na mwalimu mmoja aliyewafundisha wanafunzi wake inaweza kupimwa kwa maelewano ya darasa hilo. Insha za nchi nzima, zinazosahihishwa na jopo la walimu wasiowajua watahiniwa, zinahitaji mwongozo mmoja wa usahihishaji. Mwongozo nao unahitaji kitu kinachoweza kuonekana na kuhesabiwa na kila msahihishaji kwa namna ileile. Kitu hicho kikawa hoja.

Kwa mtazamo wa haki, uamuzi huo una utetezi wa kutosha. Mwanafunzi wa shule isiyo na maktaba, ambaye alikisoma kitabu kwa kupokezana na wenzake, anastahili kupimwa kwa kigezo kilekile anachopimiwa mwanafunzi wa shule yenye kila kitu. Kigezo kilichoandikwa humlinda dhidi ya msahihishaji anayevutiwa na mwandiko mzuri au lugha ya mapambo. Orodha, kwa hiyo, ilikuja ikiwa kinga ya mnyonge.

Hata hivyo, kinga hiyo ilizaa mazoea. Swali la Tanzania likazoea kumtaka mtahiniwa athibitishe kauli fulani kwa hoja tatu kutoka katika kila kitabu kati ya viwili alivyosoma. Swali la Kenya, katika karatasi ya fasihi yenye maswali ya alama 20 kila moja, likazoea kuanza na dondoo na kuendelea na vipengele vinavyojibiwa kwa hoja fupifupi. Katika hali zote mbili mwanafunzi alijifunza kwamba alama hutolewa kwa idadi. Aliyetaja mambo sita yaliyo sahihi alijiona salama kuliko aliyefuatilia jambo moja hadi mwisho wake. Vitabu vya miongozo viliona haja hiyo na kuijaza: kila kitabu teule kikapata muhtasari wake, orodha ya dhamira zake, na chini ya kila dhamira sentensi mbili za kuithibitisha. Hapo dhamira, neno lililowahi kutaja kilichofichika, likawa jina la kitu kilichopangwa tayari mezani. Kwa maana yake ya asili, dhamira ilikuwa imegeuka kuwa maudhui.

Katika hatua hii urithi wa utenzi uliungana na mahitaji ya mtihani. Mwanafunzi aliyelelewa katika mapokeo ya mtunzi anayetangaza nia yake hakuona ajabu kuambiwa kwamba kila kazi ina mafunzo yanayoweza kutajwa kwa sentensi moja. Tofauti ni kwamba, katika utenzi, mtunzi ndiye aliyeisema nia yake. Katika insha ya mtihani, mwongozo ulimsemea mtunzi, na mwanafunzi akausemea mwongozo.

6.0 Mifano Miwili: Ngoswe na Kinjeketile

Gharama ya mazoea haya huonekana vizuri katika kazi zinazosomwa sana. Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe (1988) ya Edwin Semzaba, iliyotolewa katika mwaka ambao Tanzania ilifanya sensa ya watu, ni tamthiliya fupi kuhusu karani wa sensa anayefika kijijini, anampenda Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, na kutoroka naye. Baba mwenye hasira anazichoma karatasi za sensa. Insha ya kawaida itataja uzembe kazini, mapenzi, ulevi, nafasi ya mwanamke na umuhimu wa takwimu. Kila moja ya hoja hizo ni kweli. Lakini ya kwanza na ya pili zimekwisha kutajwa na jina la kitabu, na mwanafunzi anayezirudia hajathibitisha kwamba alifungua ukurasa wa kwanza.

Insha inayotafuta dhamira kwa maana yake ya awali ingeanza pale jina la kitabu linapoishia. Je, tamthiliya inakubaliana na jina lake? Penzi linamfanya Ngoswe aache kazi, lakini kinachoiangamiza kazi ni moto. Serikali imeyaweka maarifa yake yote kuhusu kijiji katika karatasi za mtu mmoja, na karatasi hizo zimelazwa katika nyumba ya mtu ambaye mgeni huyo amemdharau. Karatasi, ambazo ni kifaa cha jukwaani na kwa hiyo ni sehemu ya fani, ndizo zinazobeba swali zito zaidi: uhusiano gani ulikuwepo kati ya dola inayohesabu na watu wanaohesabiwa, hata mzazi mmoja mwenye hasira aweze kuukata? Mwanafunzi anayefika hapo ametumia hoja moja tu, lakini ndani yake mna uzembe, mapenzi, mamlaka ya baba na umuhimu wa takwimu, kila kimoja kikiwa mahali pake katika mfuatano wa sababu na matokeo.

Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein inafika mbali zaidi, kwa kuwa swali la nia limo ndani ya tamthiliya yenyewe. Kinjeketile anayaleta maji yenye kuunganisha makabila dhidi ya Wajerumani, kama ilivyokuwa katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Maneno yake yanapokelewa kwa namna ambayo hawezi tena kuidhibiti. Fikra aliyoianzisha inakua na kuanza kumtawala yeye mwenyewe. Mwishoni, mbele ya mauti, anatakiwa aikane, naye anakataa, kwa sababu anajua kwamba kuikana leo ni kuwanyang'anya watu wa kesho sababu ya kupigana. Kwa msomaji anayetumia istilahi za Kenya, hapa dhamira na maudhui vimeachana: alichokusudia mtu na kilichotokana na neno lake ni vitu viwili. Kwa msomaji anayetumia istilahi za Tanzania, hiyo ndiyo dhamira kuu. Insha inayoorodhesha umoja, ujasiri, ushirikina na ukombozi hupita karibu kabisa na jambo hili bila kuligusa, ingawa kila neno katika orodha yake linaweza kupata alama.

Mifano hii inaonesha kwamba tofauti kati ya insha dhaifu na insha imara haiko katika wingi wa dhamira zilizotajwa. Iko katika uhusiano unaooneshwa kati ya dhamira moja na nyingine, na kati ya dhamira na kitu mahususi katika kazi: kifaa, jina, ukimya, mpangilio wa matukio. Uhusiano huo ndio ambao waasisi wa uhakiki wa Kiswahili waliuita kutegemeana kwa fani na maudhui.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa katika makala hii inaonesha kwamba insha ya orodha imejengwa na mikono mingi yenye nia njema. Mtunzi wa utenzi alitaka aeleweke. Mhakiki wa miaka ya 1970 alitaka fasihi ya Kiswahili ipate lugha yake ya kitaaluma na isimame upande wa wengi. Mtahini alitaka kumtendea haki mtahiniwa asiyemjua. Hakuna hata mmoja wao aliyekusudia mwanafunzi aandike insha bila kusoma kitabu. Kama Kinjeketile alivyogundua, kilichoanzishwa kilikua kikapita nia ya waanzilishi wake.

Kutokana na hali hiyo, marekebisho hayahitaji kuanza kwa kuifuta hoja inayohesabika. Mtaala wa Tanzania wa mwaka 2005 ulikwisha kusisitiza ujenzi wa umahiri, na Kenya ilianza kuelekea huko mwaka 2017. Misingi ya kisera ipo. Kinachohitajika ni swali linalompa mtahiniwa nafasi ya kupata alama kwa kuonesha uhusiano, kwa mfano kwa kumtaka aoneshe jinsi kipengele kimoja cha fani kinavyoibeba dhamira moja kutoka mwanzo wa kazi hadi mwisho wake. Swali la namna hiyo bado linaweza kusahihishwa kwa mwongozo mmoja, na kwa hiyo halimwondolei mwanafunzi wa shule maskini kinga yake. Linampa pia faida ambayo mwongozo wa kununua hauwezi kumpa: anayekuwa na nakala moja ya kitabu na muda wa kuisoma kwa makini anakuwa na kila anachohitaji.

Aidha, walimu wa nchi zote mbili wangenufaika kwa kuwaeleza wanafunzi wao wazi kwamba neno dhamira lina maana mbili katika uhakiki wa Kiswahili, na kwamba tofauti hiyo ni swali hai ambalo wataalamu hawajalifunga. Mwanafunzi akifahamu hivyo, ataingia katika insha yake akijua kwamba kuna jambo la kuamuliwa, na kwamba uamuzi ni wake. Insha, kwa asili ya neno lenyewe, ni kuunda. Aliyepewa orodha ya kunakili hajapewa insha ya kuandika.